Kiangazi cha Jeli na Karanga

Jumatatu, 10 Juni 2024

Leo nimepata mahali pa kwenda asubuhi, ndiyo maana naandika. Tangu tumalize mtihani wa kidato cha sita nimekuwa nyumbani nikimenya karanga na Mama. Wenzangu wengi wako jeshini, kwenye mafunzo ya lazima. Mimi nilisamehewa kwa sababu ya pumu, na kusema kweli nilikuwa nimeanza kuwaonea wivu hata kwa kukimbizwa alfajiri.

Mwalimu wangu wa kemia ndiye aliyenipeleka chuoni, kwa Daktari Recheli Lugembe. Nilitarajia mtu mrefu. Ni mfupi, anavaa raba, na huongea polepole kama mtu anayemimina kitu asichotaka kimwagike. Chumba chake cha maabara kilikuwa stoo ya viti vibovu, na viti vingine bado vipo kwenye kona.

Alinieleza hivi. Kwa miaka yote aliyofundisha hapa, wanafunzi wake wa mwaka wa pili wamejifunza habari za protini kwa chaki. Anachora ubaoni, wanachora daftarini, wanafaulu, wanaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa. Mwaka huu anataka waanze kufanya kwa mikono. Mwezi wa tisa kamati ya taaluma ya chuo itakuja kutazama. Wakiona inawezekana, vipindi vya vitendo vitaingia kwenye ratiba Novemba. Wakiona haiwezekani, viti vibovu vitarudi ndani na yeye atarudi kwenye chaki.

"Nimeandika mwongozo," alisema. "Mimi nikiusoma nauelewa, maana nimeuandika mwenyewe. Namtaka mtu asiyejua kitu ausome, afanye, nione anakwama wapi. Mtu huyo ni wewe. Umenielewa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mwongozo una kichwa kinachosema *Proteomiki kwa Vitendo*. Nilipofika nyumbani nilimwuliza Mama kama amewahi kulisikia neno proteomiki. Alifikiri kidogo, akasema labda ni ule ugonjwa wa kuku.

Jumatano, 12 Juni

Tuko wanne. Mimi na Mwalimu. Dada Julieth, anayeingia mwaka wa pili, amebaki chuoni likizo hii ili ajaribiwe pamoja nami. Ametoka Dar na anaongea kwa ajili yetu wawili, jambo linalonisaidia sana. Wa nne ni Mzee Mathias, fundi wa maabara, Mgogo wa Mpwapwa. Mwalimu ni Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani. Enzi za misafara wapagazi wetu wakielekea pwani walipita nchi ya Wagogo, nao Wagogo waliwatoza hongo ndipo wapite. Mzee Mathias hajasahau. Asubuhi Mwalimu alipofika, alimkuta amesimama mlangoni ameweka mkono.

"Hongo kwanza, mpagazi."

"Babu yangu alishakulipa ushanga."

"Ule ulikuwa wa kwenda. Huu ni wa kurudi."

Mwalimu akampa peremende, naye akatoa mkono mlangoni. Dada Julieth ameniambia hufanya hivyo kila siku, na kwamba peremende zikiisha atapokea hata chokaa.

Ijumaa, 14 Juni

Leo ilikuwa zamu ya pipeti. Ni kama kalamu nene yenye kitufe juu. Ukibonyeza na kuachia inavuta tone dogo sana, dogo kuliko jicho la sindano. Tulifanya mazoezi kwa maji ya rozela, tukipanga matone kwenye karatasi ya nailoni. Matone yangu yalikuwa kama familia, mengine baba, mengine watoto. Ya Dada Julieth yalikuwa mabaya zaidi.

"Usiniangalie hivyo, mdogo wangu," aliniambia. "Mtihani wa pipeti nilipata A. Tuliulizwa kuichora."

Jumapili, 16 Juni

Misa, ugali, upepo. Mama ameng'oa karanga za mwisho.

Jumatatu, 24 Juni

Tulikwenda mtaa wa Ng'ambo kwa Awadhi, fundi wa fremu za picha. Mwalimu alimwagiza visanduku vya plastiki ngumu inayopitisha mwanga, vya kuwekea jeli, maana vya kununua nje ya nchi chuo hakiwezi. Alikuwa amemaliza viwili, na pembezoni ameviziba vizuri.

"Samaki gani mtaweka humu, Daktari? Humu hata dagaa atagongana na ukuta."

"Protini, Awadhi."

"Zinakula nini?"

"Umeme."

Awadhi akasema basi zikae mbali na mtaa wake, huku umeme hautoshi hata watu. Amekata pia vichana vya plastiki, ambavyo meno yake yanaacha vishimo kwenye jeli. Ndani ya kila kishimo ndimo tone linapowekwa.

Jumatano, 3 Julai

Siku mbaya, na nadhani baadaye nitaishukuru. Niandike yote.

Jeli yetu ya kwanza iliganda vizuri. (Kabla haijaganda ni sumu, tunavaa glavu, na Mzee Mathias haondoi macho kwetu.) Nikatia matone yangu kwenye vishimo, maziwa na karanga, yote yakiwa yamechanganywa na rangi ya buluu ili yaonekane. Kazi ya umeme ni kuzivuta protini zishuke ndani ya jeli. Ndogo hupenya haraka na kufika chini, kubwa hukwama juu. Zikimaliza, zimejipanga kwa ukubwa.

Kwenye mwongozo, ukurasa wa sita umeandika waya mwekundu uwe juu. Lakini mchoro wa ukurasa wa saba unaonyesha mwekundu chini. Niliiona tofauti hiyo, nikasoma tena na tena. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikajiambia mtu mzima hawezi kukosea, mimi ndiye nisiyejua kusoma mchoro. Nikafuata maandishi.

Tuliwasha. Buluu yote ikapanda juu, ikatoka kwenye vishimo, ikapotelea kwenye maji. Kazi ya siku nzima ikaondoka kama moshi.

Mwalimu alizima. Akachukua mwongozo, akaangalia kurasa zote mbili.

"Uliona?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Nilisema nilidhani ni mimi sielewi.

"Sasa nisikilize," alisema, bila ukali. "Humu ndani kila mtu anajua kuelewa. Julieth anaelewa, Mathias anaelewa, mimi ndiyo usiseme. Kazi yako wewe ni moja tu, kutoelewa kwa sauti. Ukiitikia ndiyo na ndani ni hapana, mwezi wa kumi na moja watakuja wanafunzi arobaini wenye adabu kama yako, na wote wataweka waya mwekundu juu."

Nyumbani nimefundishwa kwamba mkubwa akiuliza kama umeelewa, jibu ni ndiyo, halafu unakwenda kumwuliza mtoto mwenzako. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kutoelewa kwangu kunaweza kuwa msaada kwa mtu.

Ijumaa, 5 Julai

Leo nimesema "sijaelewa" mara ya kwanza. Mzee Mathias alipiga makofi. Niliona aibu, lakini siyo ile ya kuumiza.

Jumamosi, 13 Julai

Matokeo. Daraja la pili. Mama alinikumbatia mikono yake ikiwa na unga, na blauzi yangu sijaikung'uta.

Alhamisi, 18 Julai

Imefanyika. Waya mwekundu chini, buluu ikashuka kama mvua inayoteremka ukutani. Kisha tukaiweka jeli kwenye rangi, halafu kwenye siki na spiriti ili rangi ya ziada itoke. Ilipobaki nyeupe, kukawa na mistari. Maziwa yalikuwa na mistari minene michache. Karanga zilikuwa na mingi, minene juu na miwili myembamba chini kabisa, imesimama pamoja kama mapacha.

Dada Julieth alikaa chini sakafuni. "Kwa hiyo ni kweli," alisema. Mwalimu alimwuliza alidhani ni nini. "Mwalimu, sikusema ni uongo. Ila ukiambiwa kitu muda mrefu bila kukiona, kinakuwa kama Ulaya."

Niliuliza proteomiki hasa ni nini. Nilikuwa nimekaa na neno hilo zaidi ya mwezi. Mwalimu alisema zamani watu walichukua protini moja, wakaishi nayo maisha yao yote. Sasa wanataka kuzijua zote zilizomo ndani ya kitu kwa wakati mmoja, ipi ipo, ipi haipo, ipi imeongezeka. "Badala ya kumwita mwanafunzi mmoja ofisini," alisema, "unaita mahudhurio ya shule nzima."

Hilo nimelielewa, na nilimwambia nimelielewa, na ilikuwa kweli.

Ijumaa, 2 Agosti

Kompyuta. Mashine kubwa inayopima uzito wa vipande vya protini hatuna na hatutakuwa nayo karibuni. Lakini watafiti wa mbali wameacha vipimo vyao wazi, mtu yeyote avichukue. Tulichukua vya karanga. Unaipa kompyuta uzito wa vipande, inakutafutia ni vya protini ipi. Ilipoleta jibu, nilifurahi kama nimemkuta ndugu kwenye stesheni ya treni. Nawashukuru watu hao nisiowajua.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Mama alikwenda kwenye maonyesho, akarudi na mche wa mpapai na vumbi.

Jumanne, 13 Agosti

Joto limeanza kurudi. Mistari imejipinda katikati kama upinde, kwa sababu jeli inapata moto. Barafu hatuna. Mzee Mathias alileta mtungi wa udongo kutoka kwake, na sasa kisanduku cha Awadhi kinakaa ndani ya karai lenye maji ya mtungini. Mistari imenyooka. Mwalimu ameandika mtungi kwenye orodha ya vifaa, kati ya glavu na pipeti.

Jumatano, 28 Agosti

Kamati itakuja Alhamisi ijayo, tarehe tano. Mwenyekiti ni Profesa Wilbroad. Dada Julieth anasema hajawahi kumwona akitabasamu, labda kwa sababu ya meno.

Zile karanga za kwetu nilizopeleka Julai zimekwisha. Nimemwambia Mama Mwalimu anaomba nyingine kidogo, kwamba wakubwa wa chuo wanakuja kutazama. Alifurahi. Alisema kesho kutwa nitazikuta tayari zimemenywa.

Jumatatu, 2 Septemba

Tulifanya mazoezi yote mwanzo hadi mwisho, kama kamati ipo. Kila kitu kilikwenda vizuri mpaka tulipoitoa jeli kwenye rangi. Maziwa safi. Karanga zimeharibika. Mistari ya juu imefifia kama imepitiwa na kiganja, na wale mapacha wa chini hawapo.

Mwalimu alisema tutarudia kesho.

Jumanne, 3 Septemba

Tumerudia. Ni vilevile.

Maziwa yanaonekana vizuri, kwa hiyo jeli haina kosa, umeme hauna kosa. Kinachobaki ni ile dawa ya kuyeyushia karanga, na dawa hiyo Mzee Mathias aliitengeneza Ijumaa. Mwalimu alimwuliza kama alipima sawasawa. Aliuliza taratibu, lakini aliuliza mara mbili.

"Mwalimu," Mzee Mathias alijibu, "chumvi hizi nazipima tangu wewe unavaa sare."

"Sijasema hujui. Nimesema mtu huchoka."

"Sijachoka."

Akavua koti lake la kazi, akalitundika, akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Asubuhi hakuwa amedai hongo. Dada Julieth aliendelea kuosha vyombo. Mwalimu alikaa karibu na vile viti vibovu. Alisema, si kwetu hasa, kwamba huenda tuwaonyeshe maziwa tu. Halafu akasema hapana, Profesa atauliza kwa nini kitu kinachoota hapa hapa ndicho kimetushinda.

Jioni nilimkuta Mama jikoni anakoroga mboga.

"Walizipenda?"

"Nini, Mama?"

"Karanga. Nilizichemsha na chumvi kidogo, zikiwa kwenye maganda, nikazianika tena. Zikikauka huwezi kujua. Watu wakubwa huwezi kuwapelekea karanga mbichi, mwanangu, watadhani kwetu hakuna moto."

Nilishika ukingo wa meza. Kwenye maabara hatuli kitu, ni sheria ya kwanza ya mwongozo. Kwa hiyo hakuna aliyeonja.

Sikumwambia. Aliuliza akiwa na furaha usoni, nami nikasema, "Ndiyo, Mama."

Jumatano, 4 Septemba

Njiani kuelekea chuoni nilipanga maneno mengi. Nikisema, Mama ataonekana mshamba mbele ya wasomi, naye alitaka kuwaheshimu. Nisiposema, Mzee Mathias atabaki kwenye ngazi na chumba kitarudishiwa viti. Nilitamani pumu inibane nirudishwe nyumbani. Haikunibana.

Nilipoingia, Mwalimu alikuwa anapima ile dawa upya mwenyewe, na Mzee Mathias anamtazama kwa mbali, mikono nyuma. Maneno yote niliyopanga yalinikimbia.

"Zilichemshwa," nilisema.

Mwalimu aligeuka. "Nini?"

"Karanga. Mama alizichemsha na chumvi kabla hajanipa. Alisema wageni hawapelekewi karanga mbichi. Shikamoo, Mwalimu." Nilikuwa nimesahau hata kuamkia.

Mwalimu aliweka chini alichoshika. Hakunijibu mimi kwanza. Alikwenda mpaka kwa Mzee Mathias, akasimama mbele yake kama mtoto.

"Nimekukosea."

"Umenikosea," alisema Mzee Mathias. "Na wewe ni mpagazi, mizigo umeizoea, kwa hiyo hili utalibeba mpaka Krismasi." Lakini alikuwa anavaa koti.

Ndipo Mwalimu akanirudia. Nilidhani atauliza habari za Mama. Aliuliza, "Zimebaki? Zile zilizochemshwa?" Nikasema nusu ya mfuko. Macho yake yakabadilika. "Usizitupe. Niletee na mbichi. Kimbia."

Kwetu mbichi zilizobaki ni mbegu tu. Mama anazihifadhi kwenye kibuyu juu ya moshi wa jiko, na mbegu haiguswi kabla ya mvua, hata mgeni aje na njaa. Nilimkuta anafagia uwanja. Nikamweleza yote, moto umeua protini, mistari imepotea, watu wamegombana. Sikuficha. Alisimama na ufagio wake.

"Kwa hiyo nimewaharibia."

"Hukujua, Mama. Mimi sikukueleza."

"Uliniambia wanataka karanga." Aliingia jikoni, nikamsikia anapanda kigoda. Akatoka na kibuyu, akanihesabia kiganja kimoja, halafu akaongeza kingine. "Ungesema mnataka zilizo hai, ningekupa mbegu tangu mwanzo. Mbegu nani anachemsha?"

Miezi mitatu nimesoma mwongozo huo, na sikuwahi kupata neno zuri kama hilo la *zilizo hai*.

Mchana wote tulifanya kazi bila kukaa. Mbichi kwenye kishimo cha pili, zilizochemshwa kwenye cha tatu, zimepakana.

Alhamisi, 5 Septemba

Wamekuja watano. Profesa Wilbroad alipita akigusa kila kitu kwa ncha ya kidole: visanduku vya Awadhi, karai, mtungi.

"Huu mtungi ni wa kunywa?"

"Ni mtambo wa kupozea, Profesa," alisema Mzee Mathias, uso haujatikisika.

Dada Julieth alionyesha jinsi ya kutia matone. Mkono wake ulikuwa imara. Mmoja wa kamati aliuliza kuhusu sumu, na Mwalimu akamwonyesha glavu, ndoo ya taka na ukurasa wa kwanza. Kisha akaitoa jeli ya jana na kuiweka juu ya kioo chenye taa chini yake. Mbichi imejaa mistari, mapacha wapo. Jirani yake, zilizochemshwa, zimefifia, mapacha hawapo.

"Kiswahili rahisi," alisema Profesa. "Nani anielezee? Siyo wewe, Recheli, wewe najua unajua." Akanitazama. "Binti, wewe uko mwaka wa ngapi?"

"Bado sijaanza, Profesa."

"Hujaanza?"

"Nimemaliza kidato cha sita mwezi wa tano."

Wakaangaliana. Nikaeleza. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini ilitoka. Nilisema ni karanga za shamba moja, mvua moja, na moto ndio uliozitofautisha. Kwamba zile za kuchemshwa zililetwa kwa heshima na kwa bahati mbaya, na ndiyo maana tumejifunza jambo ambalo hatukulitafuta.

Alikiweka kidole mahali walipokosekana mapacha. "Na hawa wamekwenda wapi? Kitu hakipotei."

Nilimwangalia Mwalimu. Hakunisaidia, alingoja tu kama wengine.

"Sijui, Profesa," nilisema. Nikasikia sauti yangu ilivyo, na haikuwa mbaya. "Labda wamebaki kwenye maji ya kuchemshia. Tungeyapata hayo maji, tungeyatia kwenye kishimo cha nne."

"Yako wapi?"

"Mama aliyamwaga kwenye mchicha."

Kulikuwa na kicheko, na wa kwanza kucheka alikuwa Profesa. Meno anayo yote. Kisha akavaa glavu, bila kuombwa, akamwambia Dada Julieth amwonyeshe hiyo pipeti inashikwaje. Tone lake la kwanza lilimwagika nje ya kishimo. Akaomba jingine.

Ijumaa, 13 Septemba

Hakuna jibu. Vumbi.

Jumatatu, 16 Septemba

Hakuna jibu. Mama amechemsha karanga nyingine na kuyaweka maji kwenye chupa, tukiyahitaji.

Jumatano, 18 Septemba

Wamekubali. Kwa muhula mmoja kwanza, wanafunzi kumi kumi kwa zamu, na Mzee Mathias awepo kila mara. Mwalimu alituambia akiwa mlangoni, maana Mzee Mathias alikuwa ameweka mkono. Alimpa mfuko mzima wa peremende.

Maji ya Mama tumeyajaribu. Mapacha wamo, wamefifia lakini wamo. Nilipiga picha kwa simu ya Dada Julieth nikamwonyesha Mama. Aliitazama sana. Akaniuliza kama mchicha nao sasa utakuwa na mistari.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimepata nafasi hapa hapa chuoni. Joto kali. Nimeshona sketi.

Ijumaa, 1 Novemba

Mawingu yamekuja upande wa Urambo, yakarudi.

Jumatatu, 11 Novemba

Mvua imenyesha usiku kucha na leo vipindi vya vitendo vimeanza. Mimi ni mwaka wa kwanza, kwa hiyo zamu yangu bado mwaka mzima, lakini Mwalimu ameniomba niwepo. Walitakiwa kumi wa kwanza. Walikuja wote arobaini, viatu vina matope, wakajipanga kwenye kibaraza. Hakuna aliyewaita. Walisema wanataka tu kuangalia kwa dirisha.

Nilikuwa nimesimama karibu na karai nikiwapa pipeti wale kumi wa kwanza, mmoja mmoja. Katikati ya foleni alikuwapo mtu mzima kuliko wengine, shati lenye kola, suruali imelowa hadi magotini. Nilidhani ni mhadhiri. Zamu yake ilipofika hakupokea pipeti. Alimgeukia Mwalimu.

"Shikamoo, Mwalimu. Naitwa Damas. Ulinifundisha, nilimaliza miaka minne iliyopita. Sasa nafundisha biolojia, nimetoka huko Isikizya kwa bodaboda."

"Marahaba, Damas. Nakukumbuka. Ulikuwa unakaa mbele."

"Cheti ninacho, Mwalimu, sikuja kwa hilo." Alijipangusa mvua usoni. "Nafundisha kidato cha sita hizi habari za protini. Wananiuliza, mwalimu, ulishawahi kuziona? Nafuta ubao, nabadilisha mada. Nimesikia leo mnaanza. Naomba nifanye mara moja tu, nitaondoka."

Foleni yote ilisikia. Mwalimu alimsogelea.

"Nisamehe, Damas," alisema.

Sijawahi kusikia mwalimu akimwomba mwanafunzi wake msamaha mbele za watu. Damas hakujua atazame wapi. Mwalimu akavua koti lake jeupe akamvisha, mikono ya koti ikawa mifupi kwake, akaniambia, "Veneranda, mwonyeshe."

Nikampa pipeti. Nikamwambia bonyeza hadi nusu, vuta taratibu, ingiza ncha ndani ya kishimo, usiguse chini. Nikamwuliza kama ameelewa. Akasema ndiyo. Nikamwuliza tena, kwa sauti ya chini asisikie mwingine, na akatikisa kichwa, hapana. Nikamweleza upya.

Tone la buluu lilitoka kwenye ncha, likazama, likatulia ndani ya kishimo bila kumwagika. Damas alibaki ameinama pale na pipeti yake tupu, analitazama, na katika foleni ile yote hapakuwa na aliyemharakisha.